Fremu ya Chuma ya Zamani Isiyo na Jina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Baiskeli wa Tanga

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara za namba pale Ngamiani zimenyooka, na ni nadra kupita mitaa miwili bila kumkuta fundi amepindua baiskeli ya mtu kivulini. Fremu za kila asili zimeishia hapa: Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana, Raleigh za wazee waliofanya kazi kwenye mkonge au reli, na siku hizi mizigo ya mtumba kutoka Japani na Ulaya. Katika mizigo hiyo, mara mojamoja huchomoza fremu isiyofanana na wenzake: nyepesi, maungio yamechongwa kwa tupa, rangi imepakwa juu ya rangi, jina hakuna. Maswali haya ni ya wenye fremu kama hiyo.

Maneno machache ya karakana kwanza, tuelewane. Lagi ni kile kishikizo cha chuma kinachofunika pale mabomba mawili yanapokutana. Bomba la pedali ni lile fupi la chini kabisa, linalobeba ekseli ya pedali. Dropauti ni bamba lenye mdomo ambamo ekseli ya gurudumu la nyuma hukaa. Nguzo ya kiti ni fimbo inayobeba kiti, nayo huingia ndani ya bomba la kiti. Miguu ya nyuma iko minne: miwili inapanda kwenye kiti, miwili inakwenda sambamba na mnyororo.

Nitajuaje kama fremu imetengenezwa kwa mkono na si ya kiwandani?

Mpaka huo hauko wazi kama watu wanavyodhani. Hata fremu ya kiwandani ya miaka ya 1950 ilipitia mikononi mwa watu. Tofauti ni muda uliotumika kwa kila fremu na chuma kilichochaguliwa.

Anza na uzito. Baiskeli nzima ya mzigo, yenye breki za fito na matairi ya inchi 28 kwa 1½, hufika kilo 18 au zaidi. Baiskeli ya mashindano ya chuma hucheza kwenye kilo 10. Halafu chomoa nguzo ya kiti uipime kwa vania, kile kipimo chenye taya mbili. Fremu ya kawaida huingia nguzo nyembamba ya milimita 25 na ushei, kwa sababu ukuta wa bomba ni mnene. Fremu ya mabomba mepesi hupokea nguzo ya milimita 27.2 au karibu na hapo, ingawa bomba kwa nje lina unene uleule. Ukuta umepunguzwa ndani, na bomba la namna hiyo liligharimu pesa. Hakuna aliyelinunua akalifunga ovyo.

Kisha tazama dropauti. Zilizokatwa kutoka kwenye bati ni bapa, za unene mmoja, na mara nyingi miguu imebanwa bapa kuzipokea. Zilizofuliwa ni nene, zina mabega, na mara nyingi zina jina la aliyezifua. Mwisho pitisha kidole ukingoni mwa lagi. Ya kiwandani ina ukingo mnene na matone ya shaba yaliyogandia hapo. Ya mkono imepunguzwa kwa tupa hadi kidole hakioni ngazi kubwa kati ya lagi na bomba.

Nianze wapi kutazama?

Chini. Pindua fremu, usafishe bomba la pedali. Wengi huanza na nembo ya mbele, na ndiyo kosa kubwa, kwa sababu nembo hubandikwa na kubanduliwa na yeyote mwenye mikono.

Safisha kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha brashi laini ya shaba. Msasa weka mbali, na tupa isahau kabisa. Namba nyingi ziligongwa kwa kina kidogo tu, na juu yake kuna tabaka za rangi na kutu ya upepo wa bahari. Ukisugua kwa pupa unaondoa kutu na ukingo wa namba pamoja. Ukiona kivuli cha herufi, zima taa ya ndani, lala na tochi pembeni kabisa mwa chuma ili mwanga upite kwa mlalo. Sugua chaki nyeupe juu ya sehemu hiyo, futa kwa kiganja, na chaki itabaki kwenye mifereji. Njia nyingine ni kuweka karatasi nyembamba na kuipitishia penseli ubavuni, kama watoto wanavyonakili sarafu.

Sehemu nyingine za kukagua ni uso wa dropauti ya kushoto, lagi ya kiti upande wa nyuma, na shingo ya uma wa mbele, yaani lile bomba lake linaloingia ndani ya fremu. Hii ya mwisho lazima uvue uma ndipo uione, na watu wengi huiruka kwa uvivu wa kutafuta gololi zilizodondoka. Usiiruke. Namba ya shingoni ikilingana na ya fremu, unajua uma huo ulizaliwa na fremu hiyo, na kila unachokisoma kwenye uma kinaihusu fremu pia.

Namba nimeipata. Je, inatosha kunipa jina?

Mara chache sana. Hakuna daftari moja la dunia la namba za baiskeli. Kila mtengenezaji alikuwa na hesabu yake: mmoja aligonga mwaka kisha idadi, mwingine kipimo cha fremu, mwingine namba ya oda tu. Karakana maalumu ya Raleigh pale Ilkeston, Uingereza, iliyoanza 1974, iligonga herufi SB mbele ya namba, na hiyo ni moja ya namba chache zinazosema bila kulazimishwa. Fremu za keirin, mbio za baiskeli za uwanjani za Japani, zina chapa NJS kwenye bomba la pedali. Hiyo inakuambia fremu ilikidhi masharti ya mchezo huo, na bado utabaki na kazi ya kumtafuta fundi.

Jihadhari na mtego mmoja ambao hapa kwetu unawanasa wengi. Uingereza kulikuwa na desturi ya polisi kumgongea mwenye baiskeli msimbo wa posta wa nyumba yake chini ya bomba la pedali, ili ikiibwa itambuliwe. Kwa hiyo ukiona mchanganyiko wa herufi na tarakimu uliopinda, herufi hazikai mstari mmoja, uliogongwa juu ya rangi na si chini yake, huenda unasoma anwani ya mtu. Itakuambia baiskeli iliishi wapi, basi.

Mafundi wanasema niangalie nyuzi za bomba la pedali. Kuna nini humo?

Kuna nchi fremu ilikozaliwa. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayekipamba wala kukighushi, na kimefichwa ndani ya grisi.

Nyuzi za Kiingereza zina kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi, na bomba lina upana wa milimita 68. Kikombe, ile pete yenye nyuzi inayoshikilia gololi, cha upande wa mnyororo hufunguka kinyume, yaani unakizungusha kuelekea kulia kukitoa. Za Kiitalia ni milimita 36, nyuzi 24 kwa inchi pia, lakini bomba lina upana wa milimita 70 na vikombe vyote viwili hufunguka kwa kawaida. Za Kifaransa ni milimita 35 na hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1, vyote viwili vya kawaida. Uswisi walichukua kipimo kilekile cha Ufaransa wakageuza upande wa mnyororo kuwa kinyume.

Halafu kuna Raleigh ya Nottingham, iliyojitungia nyuzi zake: 26 kwa inchi, na bomba pana zaidi, milimita 71 au 76. Mafundi wakongwe wa Tanga wanalijua hili hata kama hawajawahi kulisoma popote. Wanajua kikombe cha Raleigh hakikubali kwenye fremu nyingine, na chombo chao cha Raleigh kinakaa kopo lake peke yake.

Japani walifuata kipimo cha Kiingereza, kwa hiyo nyuzi pekee haziwezi kutenganisha Osaka na Birmingham. Na angalizo jingine: nyuzi za Kiingereza zikiharibika, fundi mwenye chombo anaweza kulipanua bomba na kukata za Kiitalia, kwa kuwa milimita 36 ni kubwa kuliko shimo la zamani. Ukikuta nyuzi za Italia kwenye bomba la upana wa milimita 68, shuku matengenezo kabla ya kushangilia Milano.

Kwa Ufaransa una njia ya mkato isiyohitaji kufungua kitu. Pima bomba la kiti kwa nje mahali rangi ilipobanduka. Bomba la Kifaransa la zamani ni milimita 28.0 na bomba la juu ni 26.0. La Kiingereza na la Kiitalia ni 28.6 na 25.4. Vania ya plastiki haitoshi hapa.

Fremu yangu ina stika ya Reynolds 531. Kwa hiyo ni baiskeli ya Reynolds?

La. Reynolds ni watengeneza mabomba wa Birmingham. Chuma cha 531, chenye manganizi na molibdenamu, kilitoka 1935, na kwa miongo kadhaa kilinunuliwa na kila mtu, kuanzia kiwanda kikubwa hadi fundi mmoja ndani ya banda nyuma ya nyumba. Ni sawa na kukuta muhuri wa kiwanda kwenye mbao za kitanda ukadhani umempata seremala.

Lakini stika haikosi faida. Ipo iliyosema mabomba matatu makuu tu ndiyo 531, na ipo iliyosema mabomba, uma na miguu yote. Ya pili ilikuwa ya fremu ya gharama zaidi. Ukiona 753, basi fremu haiwezi kuwa ya kabla ya 1976, na aliyeiunga alikuwa fundi aliyepimwa, kwa sababu Reynolds hawakumuuzia mtu mabomba hayo membamba kabla hajawapelekea kazi ya majaribio wakaikubali. Orodha ya wanaowezekana inafupika sana.

Kwa Italia jina kubwa la mabomba ni Columbus wa Milano. Stika ikiwa imekufa, vua uma utazame shingo yake: nyingi zimegongwa alama ya njiwa. Chungulia ndani ya shingo hiyo kwa tochi, na ukiona mifereji inayozunguka kama ya mtutu wa bunduki, umepata Columbus hata kama rangi yote imeondoka. Ufaransa kulikuwa na Vitus, Japani Ishiwata na Tange.

Yangu imeandikwa Tange. Ilitengenezwa Tanga?

Hapana ndugu yangu. Tange ni mabomba ya Japani. Swali hili linaulizwa kuliko unavyofikiri, na wauzaji wengine wa mtumba hawana haraka ya kulijibu.

Lagi zangu zina mapambo. Je, mapambo yanamtaja mtengenezaji?

Hapa pana utajiri, na pana udanganyifu pia.

Lagi nyingi zilinunuliwa dukani zikiwa tayari. Nervex Professional ya Ufaransa, yenye michirizi ya kujikunja, ilitumiwa na mafundi wa Ufaransa, Uingereza, Uholanzi na kwingineko. Kwa hiyo lagi nzuri si saini. Saini ni kile fundi alichoifanyia lagi baada ya kuinunua: aliipunguza ncha, akatoboa tundu, akaiongezea ulimi.

Wapo wachache ambao umbo lenyewe ni jina. Hetchins wa London walikata lagi za kujikunja kupita kiasi, na fremu zao nyingi zina miguu ya nyuma iliyopinda kwa mawimbi. Bates wa London walikuwa na uma wenye mpindo mara mbili, nao wakauita Diadrant, pamoja na mabomba yaliyovimba katikati. Baines wa Bradford walitengeneza fremu ambayo bomba la kiti linasimama wima mbele ya gurudumu la nyuma, na miguu imepangwa kwa namna ambayo watu waliipa jina la lango linaloruka. Ukikutana na mojawapo ya hizo huhitaji ukurasa huu.

Waitalia walipenda kuchonga alama. Jani la karata ya maua, lile la matawi matatu, kwenye lagi au taji la uma (pale juu miguu yake miwili inapoungana) ni la Colnago. Moyo ni wa De Rosa. Herufi GPT zilizochongwa juu ya ncha za miguu ya kiti ni za Pinarello wa Treviso. Tatizo ni kwamba tundu la umbo la moyo au karata linaweza kukatwa na mtu yeyote mwenye tupa ndogo na nia mbaya, au hata nia njema tu ya kupamba. Ndiyo maana sikubali alama moja peke yake. Kanuni ninayoifuata ni ya mashahidi wawili wasiojuana: alama na nyuzi, au lagi na namba, au dropauti na vipimo. Alama ya Colnago kwenye bomba lenye nyuzi za Kifaransa ni shahidi anayejipinga mwenyewe.

Kama kuna sehemu moja ya kuitazama kwa utulivu, ni pale juu, miguu ya nyuma inapokutana na lagi ya kiti. Hapo fundi hakuwa na kitu cha kununua tayari kikamtosha. Ilibidi aamue. Wengine waliikata ncha kwa mshazari wakaifunika kwa kibamba bapa. Wengine waliichimba iwe na shimo kama kijiko. Wengine waliizungusha miguu hadi nyuma ya lagi ikakutana. Na fundi akishazoea namna yake, haachi. Piga picha sehemu hiyo pande tatu.

Fremu haina lagi kabisa, maungio ni laini. Ni mbovu?

Si lazima. Kuna mafundi waliounga kwa shaba ya njano wakajaza kona kisha wakalainisha kwa tupa hadi mabomba yanaonekana yameota pamoja. René Herse na Alex Singer wa Paris walifanya hivyo kwenye baadhi ya kazi zao. Iliyochomelewa haraka na umeme ina mstari wa magamba. Iliyojazwa shaba ina kona laini, na rangi ikibanduka utaona njano.

Naweza kujua mwaka wake?

Mwaka wa vifaa ni rahisi, mwaka wa fremu ni kukisia kwa akili. Vifaa hubadilishwa, na baiskeli iliyofika Tanga imeshabadilishwa mikononi mwa watu wengi.

Habu ya Sturmey-Archer ya gia tatu ndiyo rafiki mkubwa hapa. Kwenye ganda lake kuna herufi AW na kwa kawaida tarakimu zilizogongwa: AW 58 6 ni Juni 1958. Vifaa vya Shimano vina herufi mbili ndogo mgongoni, ya kwanza ikiwa mwaka kuanzia A kwa 1976, ya pili ikiwa mwezi kuanzia A kwa Januari. Kibadilisha gia cha nyuma cha Campagnolo Record cha miaka hiyo kimeandikwa neno la hataza na tarakimu mbili za mwaka.

Kwenye fremu yenyewe pima nafasi kati ya dropauti za nyuma, kwa ndani. Milimita 120 ni ya gia tano, 126 ya sita au saba, 130 ya nane na kuendelea, yaani mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye. Habu za gia tatu za Kiingereza zilitaka kama 114. Ila chuma kinapindika, na fundi wetu akihitaji habu iingie ataitanua fremu kwa mikono na goti. Kama dropauti haziko sambamba, kipimo hicho hakina neno.

Tazama pia vishikilia waya na matundu ya chupa. Fremu za zamani zilikuwa tupu, kila kitu kilifungwa kwa klipu. Kadiri miaka ya 1970 ilivyosonga kuelekea 1980, mafundi waliunga vishikizo kwenye fremu yenyewe. Vishikizo vingi, umri mdogo, ingawa fremu ya zamani ingeweza kurudishwa karakana na kuongezewa.

Babu aliacha Raleigh aliyoinunua kabla ya Uhuru, alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge. Shangazi anasema ilitengenezwa kwa mkono. Ni kweli?

Mpe shangazi heshima yake, lakini karibu kwa hakika ni ya kiwandani, Nottingham. Haina ubaya. Ilijengwa kubeba gunia na mtu juu yake, na imefanya hivyo.

Tazama sproketi ya mbele. Raleigh ina ndege korongo waliokatwa kwenye chuma, Rudge ina kiganja cha mkono, BSA ina herufi zake tatu. Hata hivyo majina haya yalikuja kukaa nyumba moja: Raleigh ilichukua Humber 1932, Rudge 1943 na baiskeli za BSA 1957, na 1960 ikaunganishwa na kundi lililokuwa na Hercules na Phillips. Kwa hiyo BSA ya 1960 na Raleigh ya 1960 zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja zenye majina tofauti. Nyuzi 26 kwa inchi zitakuambia.

Jina lipo wazi kwenye fremu, lakini mjuzi mmoja anasema si mtengenezaji. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa njia nyingi, na zote ni halali isipokuwa moja.

Duka la baiskeli liliagiza fremu kwa fundi lisilomtaja, likabandika jina lake. Timu ya mashindano ilitaka jina la mdhamini. Baiskeli za rangi ya chungwa za timu ya Molteni ziliandikwa Eddy Merckx, lakini Merckx wakati huo alikuwa mpanda baiskeli. Walioziunga walikuwa Ernesto Colnago, kisha Ugo De Rosa. Jina pia huuzwa. Claud Butler wa London alifilisika katikati ya miaka ya 1950, jina likanunuliwa na Holdsworthy, na likaendelea kubandikwa kwenye fremu ambazo yeye hakuzigusa. Nayo Carlton wa Worksop ikawa mali ya Raleigh mwaka 1960 na jina likabaki.

Njia isiyo halali ni stika mpya za majina makubwa, zinazouzwa kama peremende. Stika kali inayong'aa juu ya rangi iliyopasuka ni jibu tosha.

Kuna kistika cha rangi chenye maandishi ya Kijapani na namba kwenye bomba la kiti. Ndiyo nembo?

Hiyo ni stika ya usajili dhidi ya wizi, ambayo mwenye baiskeli Japani hupewa anaposajili. Haimtaji mtengenezaji. Lakini usiibandue: inathibitisha baiskeli ilitumika Japani, na hilo linaiweka fremu yako upande wa mafundi wa Japani kama Toei, Nagasawa na wenzao kabla ya kufikiria Ulaya. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo; baiskeli za mtumba zinakuja tu.

Fremu ina mishono ya ajabu na bomba la ziada. Ni ubunifu wa mtengenezaji?

Kwanza fikiria fundi wa hapa. Baiskeli iliyobeba nazi kutoka Pongwe au mkaa kutoka Muheza huvunjika, na ikivunjika huungwa. Mabomba ya kuimarisha, keria iliyochomelewa moja kwa moja kwenye miguu ya nyuma, nondo ndani ya uma: hizo ni kazi za kwetu, na nyingine ni kazi nzuri. Zitambue kwa mstari wa umeme, kwa rangi iliyoungua pembeni yake, na kwa bomba lisilolingana kipenyo na wenzake. Ziandike kwenye kumbukumbu kisha uziweke kando unapotafuta jina.

Nikwangue rangi nione chuma?

Subiri. Rangi ni ushahidi, hasa tabaka la chini. Chagua sehemu iliyojificha, chini ya klipu ya breki au ndani ya dropauti, ulainishe kidogokidogo uone tabaka zinavyopangana. Wakati mwingine chini ya rangi ya bluu ya dukani kuna stika ya zamani iliyozikwa nzima.

Kupuliza mchanga nakukataza waziwazi mpaka umalize kutafuta. Kunakula kingo za lagi na kufuta namba za kina kidogo. Kama kutu ya chumvi inakutisha, na kwa anayeishi Raskazone au Sahare inapaswa kumtisha, mwaga mafuta ndani ya mabomba, zungusha fremu yaenee, uitundike mahali pakavu. Kutu hatari iko ndani ya bomba la pedali, ambako maji ya mvua hutulia.

Inauzwa bei gani?

Bila jina, bei ya fremu iliyonyooka. Kwa jina lenye uthibitisho, bei ya anayeitaka. Anayekuambia bei kabla ya kuipindua anataka kuinunua.

Namba imesagwa kwa makusudi. Nifanyeje?

Kutu hula kwa mabaka, tupa hula kwa mistari sambamba. Ukiona mistari, muulize aliyekuuzia risiti na jina la aliyemuuzia. Akisitasita, irudishe uchukue pesa yako, au upite polisi kabla fremu haijakupeleka wewe. Fremu ya mashindano iliyoibwa Uholanzi inaweza kufika Tanga kwenye shehena halali kabisa bila mwagizaji kujua.

Nimfikishie mjuzi picha zipi?

Picha moja ya baiskeli nzima kutoka upande wa mnyororo, kamera ikiwa usawa wa bomba la juu, ukutani pasipo na nguo zilizoanikwa. Kisha za karibu: bomba la pedali kwa chini, lagi ya kiti kwa nyuma na pande zote mbili, lagi mbili za shingo, taji la uma kwa juu na kwa chini, dropauti zote nne, mbili za nyuma na mbili za ncha za uma, kwa ndani na nje. Ongeza vipimo vya nguzo ya kiti, upana wa bomba la pedali, aina ya nyuzi, na nafasi ya dropauti za nyuma. Piga asubuhi au jioni, jua la mchana wa Tanga linafuta kila mchirizi. Picha ya kiti na kengele haina kazi.

Nimefanya yote na jina halijapatikana. Niandike nini?

Andika unachoweza kukitetea. Chukua kadi ndogo, ifunge kwa uzi ndani ya bomba la kiti, na iandike hivi: "Uingereza, nyuzi 24 kwa inchi, bomba la pedali milimita 68. Nguzo 27.2. Lagi za Nervex zilizopunguzwa ncha. Dropauti za Campagnolo, nafasi 120. Uma ni wake, namba zinalingana. Rangi ya kwanza kijani. Kati ya miaka ya 1950 na 1960. Mtengenezaji hajatambuliwa." Weka tarehe ya kuandika, na uache nafasi chini kwa atakayeongeza mstari.